Spana Inayosema Basi

Neema amenitumia sauti kwenye simu. "Shikamoo Bibi. Gereji tunataka kuongeza toki, ile moja haitutoshi tena, kila mtu anaigombania. Tuchukue ya namna gani?"

Swali fupi. Nikamwambia njoo nyumbani, uje na simu yako, mimi nitamenya mihogo na kusema, wewe utaandika. Wenzako watasoma. Maana mimi nikijibu kwa neno moja nitaumwa. Sasa yuko hapa amekaa kwenye kigoda. Nikimsema vibaya ataandika, nikimsifu atafuta. Namjua.

Kwa asiyejua, toki ni spana ya kukazia yenye kipimo ndani yake. Unauzungusha mpini mpaka kwenye namba unayotaka, unakaza bolti, na bolti ikifika pale spana inalia mkononi mwako, tik. Maana yake basi, acha. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Wapo watu wanaishi miaka mingi bila kujifunza neno hilo, basi, na spana imezaliwa nalo.

Mimi jina langu Skolastika. Alinipa padri. Shule nikaishia darasa la tatu, kwa hiyo jina limesoma kuliko mwenyewe. Herufi zinanisumbua mpaka leo, namba hazinisumbui, tulielewana mapema. Mavuno yaliyopita ndiyo nimeacha kazi pale gereji nyuma ya soko, hapa Ifakara. Habari za kipato changu sisemi. Marehemu mume wangu hakuzijua, na ninyi hamtazijua.

Nilianza na vitumbua. Mzee Matimbwa alikuwa na gereji yake ya baiskeli, mimi nikawa nakaa ubavuni mwa ukuta wake na karai na sufuria ya uji. Enzi hizo Ifakara ni baiskeli tu. Harusi baiskeli, mgonjwa baiskeli, gunia la mpunga baiskeli, mbuzi naye anapakiwa kwenye baiskeli anaangalia watu kama mheshimiwa. Asubuhi moja kijana wake hakuja, na mzee ana gurudumu la mteja, mteja amesimama. Akaniita. "Mama, hebu nishikie hapa." Nikaacha vitumbua, nikashika. Yeye anazungusha, anakaza spoku moja moja. Mimi vidole vyangu vina mafuta, nikawa nazigusa zile spoku, tin, tin, tin, ton.

Nikamwambia, "Hii imelegea. Inaimba peke yake."

Akaigusa. Kweli. Akaniangalia. "Nani kakufundisha?"

"Kwaya ya kanisani. Nipo sauti ya pili."

Mzee Matimbwa hakuwa mtu wa kucheka. Alisema tu, "Kesho njoo na nguo ya kuchafua." Basi. Vitumbua nikamwachia mdogo wangu, akavifanya vidogo, wateja wakanilaumu mimi.

Yule mzee ndiye aliyenipa mkono. Alikuwa na mafundisho yake manne, na kila aliyepita pale aliyajua kama sala: vidole, kiganja, kiwiko, bega. Plagi unaikaza kwa nguvu ya vidole. Bolti ndogo za kufunika injini, kiganja. Ekseli ya gurudumu, kiwiko. Nati kubwa za trekta, hapo ndipo unaleta bega. Ukileta bega kwenye kazi ya kiganja, umevunja. Mpaka leo nyumbani kwangu mtu akizidisha chumvi kwenye mboga tunasema ametia bega.

Tena alinieleza kwa nini. "Bolti ukiikaza inavutika, Skola. Huoni kwa macho, lakini inavutika kama mpira, na ule mvuto ndio unaoshika. Ukikaza kidogo haijavutika, itafunguka njiani. Ukizidisha inachoka, au inakula uzi wa mahali ilipoingia. Na haikwambii. Chuma hakipigi kelele kikifa." Alikuwa anasema hivyo huku anafuta spana yake kwa kitambaa, spana moja moja, kama mtu na watoto wake.

Baiskeli zilimvumilia kila mtu. Zikaja pikipiki, zikaja pampu ndogo za maji za petroli, ndipo mambo yakabadilika. Injini hizi ndogo mwili wake ni madini meupe, laini, ndugu wa sufuria. Bolti ni chuma kigumu, inaingia kwenye sufuria. Wewe fikiria nani atashindwa. Tukaanza kupokea injini kutoka kila kona, Mbingu, Katindiuka, mpaka Mlimba zinakuja na treni, nyuzi zimeliwa. Fundi wa kijijini anaona oili inavuja, anakaza. Inavuja tena, anachomeka bomba kwenye mpini wa spana, anakaza kwa bega. Halafu mteja anamsifu, eti huyu ana mkono mzito. Tulikuwa tunasifiana kwa ugonjwa.

Mzee Matimbwa akatangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema. Gereji akabaki nayo fundi mwenzangu Mapunda, mimi nikiwa naye. Mapunda ni Mngoni, mimi Mpogoro, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu siku ya kwanza hajawahi kuniita jina langu. Ananiita mkewe, mchawi wake, au deni lake. Mimi namwita mkimbizi. Mtu mgeni akitusikia anadhani tutapigana, kumbe ndiyo tunasalimiana. Mapunda ana mwili. Kiganja chake ni kiwiko changu, na kiwiko chake ni bega langu. Ndipo nikaanza kujiuliza, lile fundisho la mzee ni zuri, lakini kiwiko ni cha nani? Mzee alikuwa mwembamba kama mimi. Alitupimia mwili wake.

Neema akaja baadaye, ametoka kwenye mafunzo ya ufundi, msichana wa watu, mikono midogo, maswali mengi. Ndiye aliyetuambia kwamba kila bolti kwenye injini ina namba yake ya kukazia, imeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Mapunda akasema, "Mke wangu mdogo, sisi vitabu vya mashine tunafungia maandazi." Lakini lile neno likamwingia, maana haikupita muda akarudi safari ya Mlimba na toki. Kaipata kwa dereva wa lori. Ndefu kama kasia. Inang'aa. Akaitundika ukutani juu ya kitambaa chekundu, wateja wakija wanaulizia, anaishusha, anawashikisha, anairudisha. Ilikuwa kama picha ya harusi.

Sasa sikilizeni kesi yenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha kuchagua.

Mwaka ule mvua za kwanza zilitudanganya. Zilinyesha, watu wakamwaga mbegu vitaluni, mbingu ikafunga. Akaja Mama Kabula. Huyu ni Msukuma, walikuja na ng'ombe wao miaka ile, wakatulia kijijini Mbingu, sasa analima mpunga kuliko sisi tuliozaliwa nao. Amepakia pampu nyuma ya bodaboda, ameifunga na kanga kama mtoto.

"Shikamoo mayu," ananiambia. Mayu ni mama, kwao. Tumelingana kabisa, ila ananipa heshima akiwa na shida.

"Marahaba mayu. Mtoto ana nini?"

"Anatapika mvuke. Maji hayapandi. Kitalu changu kina siku chache za kuishi, miche imeanza kuwa na rangi ya nywele za mzungu."

Tukafungua. Gasketi ya kuziba chini ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imeungua, hilo dogo. Kubwa ni tundu moja la bolti. Hedi ya pampu ile inashikwa na bolti nne, na tundu moja lilishaliwa uzi zamani, fundi fulani akalitoboa likawa pana akalivalisha uzi mpya wa chuma. Nikaingiza kidole. Pembeni pamebaki pembamba kama ganda la yai. Mafundi tunasema hapana nyama tena. Likiliwa mara hii, hakuna pa kutoboa, mwili wa injini unakuwa chuma chakavu. Na pampu nyingine hana, na jirani zake nao wamekaa na vitalu vyao wanasubiri pampu hiyohiyo.

Nikamweleza vilevile nilivyowaeleza ninyi. Akakaa chini kwenye tairi. "Basi kaza wewe kwa mkono wako, mayu. Mimi nimefuata mkono wako."

Mapunda keshaifuata toki yake ukutani. "Mkono wa nini? Hapa kuna utaalamu."

Neema akatafuta namba kwenye simu. Ishirini na nne. Mapunda akazungusha mpini kuteremka. Mistari ya namba kwenye spana yake inaanzia arobaini. Akazungusha tu, akapita chini ya mstari wa kwanza, akakadiria. "Hapa. Ishirini na nne ni hapa kwa chini, nyumba ya pili."

Mimi nikasema, "Mtani, kabla hujaingia kwenye yai la watu, jaribu kwenye mzoga." Tulikuwa na injini mbovu ya namna ileile, tunaitumia kuegeshea mlango. Akaweka bolti, akavaa spana, akaanza kuvuta. Sote tumenyamaza, tunasubiri tik. Anavuta. Tunasubiri. Bado. Anavuta kwa upole kabisa, siwezi kumsingizia, ila spana haisemi kitu, naye anaiamini kwa sababu ni ndefu na inang'aa. Mara bolti ikawa nyepesi. Ikazunguka bila kazi. Uzi umekuja juu kama nazi iliyokunwa, kamba nyeupe ndogo.

Mama Kabula akavuta pampu yake akaiweka kati ya miguu.

"Imekosea," Mapunda akasema.

"Haijakosea," Neema akamwambia. "Mjomba, hii inaanza kuhesabu arobaini. Chini ya hapo haina mdomo. Tumeisubiri iseme neno ambalo haijafundishwa."

Ndiyo hiyo. Hilo ndilo la kwanza katika kununua toki, muandike kwa wino mzito. Msiangalie namba kubwa inakofika. Angalieni inakoanzia. Sisi wanaume na wanawake wa bonde hili tuna tabia, kitu kirefu ndicho chenye heshima, panga refu, kasia refu, hotuba ndefu. Spana ya magurudumu ya lori haijui kazi ya pampu. Kazi yako ya kila siku iwe katikati ya namba zake, isikae ukingoni huku wala kule. Kwa pikipiki na pampu zetu, ile inayoanzia tano ikaishia sitini inatosha kabisa, na kichwa chake cha kuchomekea soketi, kile kikombe kinachovaa bolti, kiwe cha kati, kidogo kuliko cha nusu inchi. Ni fupi. Ukiishika watu wanacheka. Wacheke.

Mama Kabula akauliza kama ipo mjini. Nikasema twende tukaone. Tukaenda dukani kwa Baba Eliza, mimi, Mapunda, Neema, na Mama Kabula amebeba pampu yake mgongoni, hataki kuiacha na sisi tena. Baba Eliza akatutandikia kwenye kaunta. Moja ina kioo na betri, inaandika namba na kulia kama simu. Nzuri, Neema macho yakamtoka. Nikauliza, hii ikilowa? Ikianguka kwenye oili? Betri ikifa wakati mteja amesimama? Nikaipita, ingawa mwenye meza safi na mikono safi anaweza kuichukua. Nyingine ya mshale, fimbo inapinda na mshale unaonyesha namba. Hiyo ni ya kweli sana, haina springi ya kuchoka, ila lazima uisome umesimama mbele yake kabisa, na pampu unaifunga umeinama kama unatafuta sindano. Zikabaki mbili za kulia tik, fupi zote, zinafanana kama mapacha.

"Ipi nzuri?" Mapunda akamuuliza mwenye duka.

"Zote nzuri."

"Na mkweo utamjibu hivyo?"

Mimi nikazungusha mipini. Moja ilikuwa inapanda laini na kila namba inashika mahali pake. Ya pili inayumba, mistari yake imeandikwa juujuu, nikaisugua kwa kidole chenye mafuta ya taa na namba ikaanza kuondoka. Namba inayofutika dukani itakaa gereji? Tena nikaangalia mistari, maana spana hizi zina namba pande mbili, upande mmoja za kwetu zilizoandikwa kwenye vitabu, upande wa pili za Kimarekani. Ukisoma ishirini na nne ya upande usio wake, umetia bega bila kujua. Neema akanionyesha herufi za kutazama, Nm, nimezikariri kama alama ya ng'ombe.

Lakini uzuri wa macho hautoshi. Nilikuwa najua namna ya kuipima. Nilifundishwa na mwalimu mmoja wa ufundi aliyeleta pikipiki yake, mimi nikamfundisha kusikiliza kluchi, yeye akanifundisha mawe. Alikuwa mtu mzuri. Unabana kichwa cha spana kwenye vaisi, lile jiliwa la mezani, mpini umelala sawa kama meza. Unapima robo mita kutoka kichwani. Unaning'iniza jiwe la mizani la kilo kumi. Hiyo nguvu ni ishirini na nne na nusu hivi. Ukiiwekea spana ishirini na nne, jiwe linashuka, inalia. Ukiipandisha ikafika ishirini na saba, jiwe linabaki linaning'inia, kimya. Hapo inasema kweli.

Vaisi ilikuwa kwa mchomeleaji jirani na duka. Jiwe nikaenda kumwomba muuza mchele. Akasita. "Bibi Skola, jiwe langu likirudi limepungua, wateja watasemaje?"

"Wateja wako wanasema lilishapungua zamani. Nipe."

Akanipa, na akafuata nyuma kuliangalia. Tukabana ya kwanza, ile laini. Ishirini na nne, nikaachia jiwe polepole. Tik. Ishirini na saba, kimya. Tukarudia, hivyohivyo. Tukabana ile pacha yake. Ishirini na nne, tik. Ishirini na saba, tik. Thelathini, tik. Hiyo ilikuwa inasema ndiyo kwa kila mtu, kama mgombea. Baba Eliza mwenyewe akaitoa kwenye vaisi akaitazama kama hajawahi kuiona, akaiweka chini ya kaunta.

Sasa spana iko pale, vaisi iko pale, na ni soko. Mapunda akasema hebu tupime watu. Tukafunga bolti kwenye chuma cha mchomeleaji, kila mtu akaambiwa akaze kwa kiganja chake anavyokaza siku zote, halafu tunapima imefika ngapi kwa kuipandisha spana kidogo kidogo mpaka bolti isogee. Mapunda akakaza. Ikavuka thelathini na tano. Akajishika kifua. "Jamani, nimewaua wangapi?" Neema akakaza, kumi na nane. Muuza mchele naye akataka, na jiwe lake kwapani.

Wakaniambia Bibi zamu yako. Nikafumba macho, nikakaza kiganja cha Mzee Matimbwa, kile nilichokishika maisha yangu yote. Ilifika thelathini. Nikakaza tena, ishirini na sita. Nikakaza tena, thelathini na mbili. Sikuhuzunika, niwaambie ukweli, nilicheka. Vidole vimeanza ganzi kidogo, mtu akiwa na ganzi anabana zaidi ili asikie. Mama Kabula alikuwa anaangalia. Ule mkono alioufuata kutoka Mbingu ulikuwa ungempasulia yai lake.

Tukanunua ile laini tukarudi.

Nikaipanga hedi, gasketi mpya, bolti nimezifuta uzi wake mpaka ukakauka. Nikamwambia Neema asome, mimi nikashika. Bolti nne za hedi hukazi moja mpaka mwisho ukahamia nyingine, hedi itapinda. Mzee alitufundisha kufuata ishara ya msalaba: juu, chini, kushoto, kulia. Mara ya kwanza kwa namba ndogo, unarudi unaongeza, unarudi mara ya mwisho kwa namba yenyewe.

Mama Kabula akasema, "Na sisi ambao hatujabatizwa?"

"Mashine haiulizi cheti, mayu. Shika pampu isiyumbe."

Kumi, msalaba mzima. Kumi na nane, msalaba mzima. Ishirini na nne. Juu, tik. Chini, tik. Kushoto, tik. Ikabaki ya kulia, yenye ganda la yai. Mapunda akatoka nje kabisa, nilimsikia anakohoa uongo barabarani. Nikavuta. Taratibu, mpini nimeushika katikati pale unaposhikwa, bila kuupindisha. Kitu kikawa kinakuja, na mkono wangu ukawa unaniambia, bado, ongeza kidogo, hii haijashika. Ulikuwa na hakika. Mkono uliofunga nusu ya baiskeli za mji huu.

Tik.

Mkono ukataka kuongeza. Kidogo tu, kama mtu anayeonja mboga mara ya pili. Nikautoa kwenye spana. Niliutoa kwa mkono wa kushoto, kusema kweli, kama unavyomwondoa mtoto jikoni.

Tukajaza maji, Neema akavuta kamba. Ikawaka. Tukaiacha iunguruke ipate joto, tukaizunguka kama watu wa msiba, tunaangalia ile kona. Pakavu. Mama Kabula akafuta kidole akakipitisha pale kwenye maungio, akakiangalia, kikavu. Akaifunga pampu kwa kanga yake. Hakuaga, alisema tu, "Miche inanisubiri," na bodaboda ikaondoka. Wiki iliyofuata alituletea habari kwamba miche imerudi kijani, na mvua ikaja ikaikuta hai, yake na ya majirani. Baada ya mavuno alituletea mchele. Mapunda akadai wote ni wake kwa sababu yeye ndiye aliyeharibu ile injini ya mlango, bila yeye tusingejifunza. Mtani hashindiki.

Kuanzia siku ile spana fupi ndiyo ikakaa kwenye kitambaa chekundu, na ile ndefu tukaiwekea kazi yake halali, magurudumu ya lori na trekta, na inaifanya vizuri. Na mengine muyajue, ingawa mnayajua. Haifungui bolti, hata siku moja, kufungua kuna spana za kawaida. Si nyundo. Haiongezewi bomba. Watu wawili hawaivuti pamoja, najua sisi tunapenda kusaidiana, hapo msisaidiane. Ikianguka kwenye sakafu, muirudishe kwenye mawe ipimwe kabla haijagusa kazi ya mtu. Na kazi ikiisha muishushe mpaka namba yake ya chini kabisa ndipo iwekwe, springi ipumzike. Ukiiacha imebanwa siku na siku, springi inachoka, na ikichoka haisemi imechoka. Inaendelea kulia tik kwa sauti ileile, ila kwa namba ya uongo.

Hilo la springi ndilo lililonistaafisha, kama mnataka kujua. Watu waliniuliza, Bibi, una nguvu, unaacha kwa nini? Nikasema naacha nikiwa bado nina nguvu.

Msimu huu nilipita gereji kusalimia, si kufanya kazi, nina mfuko wangu wa dagaa. Nikamkuta Mama Kabula na pampu, kanga ileile. Gasketi tena. Aliponiona akainuka. "Afadhali mayu umekuja. Mimi nimefuata mkono wako."

"Mkono wangu umeshika dagaa," nikamwambia. "Mkono wa siku hizi ni huyo hapo."

Akamwangalia Neema, na viganja vyake vya kumi na nane. Akaniangalia mimi. Kona ya yai ni ileile, kitalu kingine kipo kinasubiri. Nikaona nikibaki natazama, Neema atakaza akinitazama mimi. Nikavuta kigoda cha gereji, nikawapa mgongo, nikaanza kuchambua dagaa zangu kichwa na mwili.

Mapunda akaninong'oneza, "Mke wangu, huangalii?"

"Naangalia kwa sikio. Nyamaza, mkimbizi."

Tik. Huo ni msalaba wa mwisho. Kimya kidogo, anahama. Tik. Tik. Halafu kimya kirefu, hiyo ni kona ya yai. Dagaa mmoja nilimshika mpaka akavunjika.

Tik.

Na baada ya hapo sikusikia tik nyingine, wala mguno wa mtu anayeongeza. Nilichosikia ni mpini unazungushwa kurudi, krr, krr, krr, mpaka chini kabisa, bila kuambiwa na mtu. Nikafunga mfuko wangu, nikasimama, nikaenda zangu kupika.

Kwa hiyo nunueni fupi, inayoanzia chini, muipime kwa jiwe la muuza mchele. Na wa kwanza kuishika awe Neema.

Neema, hapo usifute.